Muthulakshmi Reddy: Daktari aliyewakomboa wanawake bila ridhaa yao

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1927 Baraza la Kutunga Sheria la Madras, kusini mwa India, lilimpokea mjumbe ambaye mfano wake halikuwahi kuuona: mwanamke. Alikuwa Dk. Muthulakshmi Reddy, tabibu wa kina mama na watoto, aliyekuwa na umri wa miaka 40. Hakuwa wa kwanza katika baraza hilo pekee, bali katika mabaraza yote ya kutunga sheria ya India iliyokuwa chini ya Uingereza. Muda mfupi baadaye wajumbe wenzake, wote wanaume, walimchagua kwa kauli moja kuwa makamu wa rais wa baraza.

Kabla mwaka huo haujaisha, Dk. Reddy aliwasilisha hoja iliyolitikisa jimbo zima. Aliitaka serikali ikomeshe desturi ya kuwaweka wakfu wasichana wadogo katika mahekalu ya Kihindu, ambako walijulikana kama devadasi, yaani watumishi wa mungu. Hoja ilipita. Lakini wakati wapenda mageuzi wakimpongeza, maombi ya kupinga nayo yalianza kuifikia serikali, na baadhi yake yaliandikwa na devadasi wenyewe.

Dk. Reddy alifariki dunia mwaka 1968, na tangu wakati huo sifa zake zimeendelea kuongezeka. Hata hivyo, swali lililoibuliwa na wanawake wale halijazikwa pamoja naye. Je, mtu anaweza kuwakomboa watu huku akikataa kuwasikiliza?

Binti wa Pudukkottai

Muthulakshmi alizaliwa Julai 30, 1886 huko Pudukkottai, dola dogo lililotawaliwa na mfalme wa Kihindi chini ya uangalizi wa Waingereza. Baba yake, Narayanaswami Iyer, alikuwa mkuu wa Chuo cha Maharaja na mtu wa tabaka la Brahmini. Mama yake, Chandrammal, alitoka katika jamii ya devadasi. Kwa ndoa hiyo baba alitengwa na ndugu zake.

Asili hiyo ya mama ndiyo ufunguo wa mengi yaliyofuata. Msichana huyo alikua akijua kwamba katika jamii ya mama yake wapo watoto wa kike waliopangiwa maisha yao kabla hawajajua kuchagua. Alijua pia jinsi watu wanaojiita wastaarabu walivyowatazama wanawake hao kwa dharau, na dharau hiyo ikawaangukia watoto wao.

Elimu yake ilikuwa ya kupigania hatua kwa hatua. Alipoomba kujiunga na Chuo cha Maharaja, kilichokuwa cha wavulana, wapo waliopinga kuwapo kwa msichana darasani, na zaidi msichana mwenye asili kama yake. Mfalme aliamuru apokelewe. Mwaka 1907 alijiunga na Chuo cha Tiba cha Madras na mwaka 1912 akahitimu, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa India kufikia hatua hiyo.

Mwaka 1914 aliolewa na daktari mwenzake, Sundara Reddy. Alikubali ndoa kwa sharti kwamba mume amheshimu kama mtu aliye sawa naye na asimzuie katika mambo aliyoyaamini. Kwa wakati ule, hata miongoni mwa wasomi, sharti la namna hiyo lilikuwa jambo la kushangaza.

Siasa ilimjia kupitia Chama cha Wanawake wa India, kilichoanzishwa mwaka 1917 katika kitongoji cha Adyar, Madras. Jimbo la Madras lilikuwa la kwanza nchini humo kuwapa baadhi ya wanawake haki ya kupiga kura, mwaka 1921. Mwaka 1926 wakaruhusiwa pia kugombea. Mwanaharakati Kamaladevi Chattopadhyay aligombea mwaka huo na kushindwa kwa kura chache. Dk. Reddy aliingia kwa kuteuliwa na serikali, baada ya wanawake wenzake kulipendekeza jina lake.

Desturi yenye sura mbili

Ili kuelewa mgogoro uliofuata, ni lazima kwanza kuielewa desturi yenyewe. Devadasi alikuwa msichana aliyefungishwa ndoa ya kiibada na mungu wa hekalu, mara nyingi kabla ya kuvunja ungo. Kazi yake ilikuwa kuimba na kucheza ngoma wakati wa ibada na katika maandamano ya sikukuu. Kwa kuwa mume wake alikuwa mungu asiyekufa, hakuweza kamwe kuwa mjane. Katika nchi ambayo mjane alihesabiwa kuwa mkosi, devadasi alichukuliwa kuwa mwanamke wa heri.

Alikuwa pia na haki ambazo wake wa nyumbani hawakuwa nazo. Aliweza kumiliki na kurithi mali, na aliweza kumlea msichana kama binti wa kisheria. Wengi walijua kusoma na kuandika wakati ambapo elimu kwa mwanamke wa kawaida ilionekana kuwa aibu. Mahekalu mengi yaliwapa devadasi mashamba ya kuwatunza kwa malipo ya utumishi wao.

Upande wa pili haukuwa wa kupendeza. Devadasi hakuolewa na mwanamume, bali aliishi na mfadhili, kwa kawaida tajiri au mwenye cheo, ambaye hakuwa na wajibu wa kisheria kwake wala kwa watoto. Msichana hakuulizwa kama anataka maisha hayo. Wafalme wa Kihindi walipopoteza nguvu katika karne ya 19, ufadhili ulikauka, na wanawake wengi wakabaki na umaskini pamoja na jina baya. Wapo walioangukia katika ukahaba, na wapo wasichana walionunuliwa kwa kisingizio cha hekalu.

Sura zote mbili zilikuwa za kweli. Tatizo la mjadala wa Madras ni kwamba kila upande uliitazama moja na kuifumbia macho nyingine.

Hoja ya daktari

Dk. Reddy alilitazama suala hilo kwa macho ya tabibu. Katika hospitali aliwaona wanawake na watoto wachanga wakiteswa na magonjwa ya zinaa wakati ambapo dawa za antibiotiki zilikuwa bado hazijapatikana. Kwake, kumtoa mtoto wa miaka michache kwa hekalu hakukuwa suala la dini wala utamaduni. Kulikuwa ni kumtia mtoto katika madhara ambayo hakuyachagua, na serikali iliyoachia jambo hilo ilishiriki dhambi.

Mwaka 1929 alifanikisha marekebisho ya sheria ya mali za mahekalu. Marekebisho hayo yaliwawezesha devadasi kubaki na mashamba waliyopewa bila kulazimika tena kutoa utumishi. Ilikuwa hatua ya busara, kwani iliondoa hofu kwamba mwanamke atakayeacha hekalu atakufa njaa. Hata hivyo, si kila devadasi alikuwa na shamba, na asiyekuwa nalo hakupata chochote.

Mapema mwaka 1930 aliwasilisha muswada wa kupiga marufuku kabisa uwekaji wakfu wa wasichana. Muswada ulipelekwa kwa umma ili kukusanya maoni. Mwezi Mei mwaka huo Waingereza walimkamata Mahatma Gandhi katika harakati za chumvi, na Dk. Reddy akajiuzulu ujumbe wa baraza kwa kupinga kitendo hicho. Aliuacha muswada wake mezani.

Sauti ya waliotetewa

Upinzani dhidi yake ulikuwa wa aina mbili, na kuchanganywa kwake ndiko kulikoleta madhara. Wa kwanza ulitoka kwa wanaume wa tabaka la juu. S. Satyamurti, mwanasiasa mashuhuri wa chama cha Congress, alikuwa miongoni mwa waliotetea desturi hiyo kwa jina la dini na sanaa. Ilikuwa rahisi kuwajibu watu wa aina hiyo, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyekuwa tayari kumtoa binti yake mwenyewe.

Wa pili ulitoka kwa devadasi. Kuanzia mwaka 1927 walijiunga katika vyama na kupeleka maombi serikalini. Miongoni mwa waliosimama mbele alikuwa Bangalore Nagarathnamma, mwimbaji mwenye jina kubwa. Alitumia mali yake kujenga mahali pa kumbukumbu penye kaburi la mtunzi Tyagaraja huko Thiruvaiyaru, na akapambana ili wanawake nao waruhusiwe kuimba hapo.

Hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Walisema kwamba devadasi na kahaba si kitu kimoja, na kwamba si haki kuiadhibu jamii nzima kwa makosa ya baadhi. Waliuliza kwa nini sheria imwandame mwanamke na kumwacha mwanamume. Aidha, waliomba wapewe elimu ya dini, ya fasihi na ya sanaa, ili warudi katika heshima waliyokuwa nayo zamani. Kwa maneno mengine, waliomba mageuzi, si kufutwa.

Dk. Reddy hakuwakubalia. Katika mawasiliano yake na serikali aliwaelezea walalamikaji hao kuwa ni makahaba waliochochewa na wanaume waliowaweka, ambao maoni yao hayakustahili kuzingatiwa. Ni maneno mazito kutoka kwa mtu ambaye mama yake alitoka katika jamii hiyo hiyo. Mwanamke aliyefungua mlango wa baraza kwa sauti ya wanawake alitumia nafasi yake kuwanyamazisha wanawake wengine.

Si haki, hata hivyo, kusema kwamba devadasi wote walikuwa upande mmoja. Muvalur Ramamirtham, aliyekulia katika jamii hiyo, aliunga mkono marufuku kwa nguvu zake zote. Mwaka 1936 alichapisha riwaya ya Kitamil iliyofichua hila na mateso ya maisha aliyoyajua kwa karibu. Wanaume wa jamii hiyo, waliokuwa wapiga ala na walimu wa ngoma, nao kwa kiasi kikubwa waliitaka sheria. Wanahistoria wameeleza kwamba wanaume hao walikuwa na cha kufaidi, kwa kuwa chini ya desturi ya zamani mali na umaarufu vilikuwa mikononi mwa dada na mama zao.

Ngoma yabadili wenyewe

Mwishoni mwa mwaka 1932 ugomvi ulihamia magazetini. Dk. Reddy alilaani kitendo cha kumwalika devadasi kucheza katika hafla ya kumpongeza kiongozi wa serikali ya jimbo. Alijibiwa na E. Krishna Iyer, mwanasheria na mpenzi wa sanaa, aliyedai kwamba ngoma haina hatia hata kama wachezaji wake wana lawama. Kwa majuma kadhaa wasomaji wa Madras walifuatilia majibizano hayo.

Matokeo yake hayakuwa yale ambayo upande wowote uliyatarajia. Ngoma iliyoitwa sadir haikufa. Ilipewa jina jipya, Bharatanatyam, na kuhamia kutoka hekaluni hadi kwenye jukwaa la ukumbi. Mwaka 1935 Rukmini Devi Arundale, mwanamke wa tabaka la Brahmini, aliicheza hadharani huko Adyar, na mwaka uliofuata akaanzisha taasisi ya sanaa inayojulikana kama Kalakshetra. Walimu wake walitoka katika familia zilezile zilizoirithi ngoma hiyo kwa vizazi.

Tangu hapo mabinti wa familia zenye heshima walijifunza bila aibu kile ambacho mabinti wa devadasi walikuwa wakiaibishwa kwacho. Wachache tu wa jamii ya asili walibaki jukwaani. Mashuhuri kuliko wote alikuwa T. Balasaraswati, aliyefariki mwaka 1984, ambaye hakukubali kamwe kwamba ngoma ya mama zake ilihitaji kusafishwa. Leo Bharatanatyam hufundishwa kuanzia Chennai hadi Nairobi, London na Toronto, na wengi wanaojifunza hawajui ilitoka mikononi mwa nani.

Dk. Reddy hakupanga matokeo hayo. Lakini aibu aliyoibandika kwa wachezaji ndiyo iliyorahisisha ngoma kupata wenyewe wapya.

Nyumba ya Avvai na saratani

Ingekuwa makosa makubwa kuishia hapo, kwani Dk. Reddy hakuwa mtu wa maneno matupu. Wasichana waliokimbia jamii ya devadasi walipobisha hodi kwake baada ya kukataliwa katika mabweni ya wanafunzi, aliwapokea nyumbani mwake. Kutokana na hao alianzisha Nyumba ya Avvai mwanzoni mwa miaka ya 1930, akiipa jina la mshairi wa kike wa kale wa Kitamil. Nyumba hiyo iliwapa makazi, elimu na ufundi wasichana yatima na maskini bila kuwauliza tabaka lao.

Kazi yake kubwa zaidi ilitokana na msiba. Mwaka 1923 mdogo wake wa kike alifariki kwa saratani ya utumbo, baada ya ugonjwa huo kutogunduliwa mapema. Mwaka 1925 Dk. Reddy alikwenda Uingereza kwa masomo zaidi, na huko akajifunza jinsi ugonjwa huo unavyotibiwa. Kwa miaka mingi baada ya kurudi aliwaomba wakubwa wa serikali wajenge hospitali ya saratani. Wengi waliona ni kupoteza fedha kwa ugonjwa ambao mwisho wake ni kifo.

Hakukata tamaa. Kupitia Chama cha Wanawake wa India alichangisha fedha, na mwaka 1952 Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru aliweka jiwe la msingi. Taasisi ya Saratani ya Adyar ilifunguliwa mwaka 1954 ikiwa na vitanda 12 na madaktari wawili, mmoja wao akiwa mwanawe, Dk. Krishnamurthi. Mwaka uliofuata alijiunga Dk. V. Shanta, aliyeitumikia taasisi hiyo hadi kifo chake mwaka 2021. Imekuwa moja ya vituo vikuu vya saratani nchini India, na imejijengea jina kwa kuwatibu maskini.

Madras iliitwa Chennai kuanzia mwaka 1996, na ni mji ambao wagonjwa wengi wa Tanzania na Kenya wamesafiri kwenda kutafuta tiba. Umaarufu wake katika tiba una wajenzi wengi, na Dk. Reddy ni miongoni mwa walioweka msingi.

Sheria ya 1947

Muswada aliouacha mwaka 1930 ulisubiri miaka 17. Hatimaye mwaka 1947, mwaka wa uhuru, Madras ilipitisha sheria ya kuzuia uwekaji wakfu wa devadasi. Sheria hiyo haikuishia kuwalinda watoto. Ilipiga marufuku pia ngoma ya mwanamke ndani ya eneo la hekalu au katika maandamano ya ibada. Ilitamka kwamba aliyekwisha kuwekwa wakfu anaweza kufunga ndoa halali, lakini haikutoa riziki mbadala kwa mwanamke wa makamo ambaye ujuzi wake wote ulikuwa wimbo na ngoma.

Hapo ndipo mkanganyiko wa urithi wa Dk. Reddy unapoonekana wazi. Msichana wa miaka saba aliyeepushwa na hekalu alipata nafasi ya shule, ndoa au kazi, na ni vigumu kudai kwamba alipoteza. Mama yake alipoteza kazi, heshima na nafasi yake katika sherehe za mji, pasipo kuulizwa. Sheria ileile ilimnufaisha mmoja na kumuumiza mwingine, na mara nyingi wawili hao waliishi chini ya paa moja.

Wanaomtetea Dk. Reddy husema kwamba hakukuwa na njia ya katikati. Kila mwaka wa kusubiri mageuzi ya taratibu ulimaanisha wasichana wengine kuwekwa wakfu, na wanaume walionufaika walikuwa tayari kutumia kila kisingizio kuchelewesha. Wanaomkosoa hujibu kwamba kulinda watoto na kuwasikiliza watu wazima ni mambo yanayoweza kwenda pamoja. Ombi la elimu lilikuwa mezani tangu mwanzo, na lingeweza kuingizwa katika sheria bila kuathiri marufuku yenyewe.

Mizani ya urithi

Serikali ya India ilimpa Dk. Reddy nishani ya Padma Bhushan mwaka 1956. Alifariki Julai 22, 1968, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 82. Jimbo la Tamil Nadu limeupa jina lake mpango wa kuwasaidia fedha wajawazito maskini, na mwaka 2019 lilitangaza siku yake ya kuzaliwa kuwa Siku ya Hospitali. Jina la Muvalur Ramamirtham nalo limepewa mpango wa kuwasaidia wasichana wa shule za serikali kuendelea na elimu ya juu, uliozinduliwa kwa sura yake mpya mwaka 2022.

Katika miongo ya karibuni watafiti na wachezaji wanaotoka katika familia za devadasi wameanza kuirudisha sehemu ya historia iliyoachwa nje. Wanasoma upya maombi ya mwaka 1927 na kuuliza kwa nini hayakujibiwa. Wengi wao hawataki desturi ile irudi. Wanachotaka ni kwamba bibi zao wakumbukwe kama wasanii na raia waliokuwa na hoja, badala ya kukumbukwa kama wagonjwa waliosubiri daktari.

Dk. Reddy alijua kwamba mgonjwa mchanga hawezi kuulizwa kama anataka dawa, na kwa watoto wa mahekalu alikuwa sahihi. Alikosea pale alipowaweka wanawake wazima katika kundi hilohilo. Kwa yeyote anayetunga sheria ya kuwalinda wengine, tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo sehemu ya urithi wake inayostahili kusomwa kwa makini zaidi.